Mashine Imezimika Ziwani: Mafuta Yamekwama Wapi?

Msomaji mpenzi, taa ya chemli ikianza kufifia mezani pako wakati wa chakula cha jioni, wewe wafanya nini? Sidhani kama wachukua bisibisi ukaifungua vipande vipande. Kwanza waitikisa, usikie kama mafuta yamo. Halafu watazama kama utambi unayafikia. Hata mtoto wa darasa la pili ajua utaratibu huo. Lakini tupe sisi wavuvi mashine ya kusukuma mtumbwi, nayo izimike katikati ya ziwa: utaona mtu mzima mwenye ndevu akikamata spana na kuanzia mwisho wa njia badala ya mwanzo. Nasema hivi kwa sababu mtu mzima huyo nilikuwa mimi, na kosa langu lile nimekaa nalo miaka mingi kabla ya kuliandika.

Najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mwakaa kando ya maji, iwe Ukerewe, Ukara, Kome, Musoma au Bukoba, hata Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Wengine hamjapanda mtumbwi, wala hamtamani. Kwa ajili yenu ninyi nieleze kwanza kitu chenyewe, na wanaokijua wanivumilie kidogo.

Mashine hii hufungwa nyuma ya mtumbwi kwa vibano viwili, kichwa chake juu na pangaboi lake majini. Si kitu cha jana. Mtu mmoja mzaliwa wa Norwei, jina lake Ole Evinrude, alianza kuziuza mwaka 1909 huko Milwaukee, Marekani, na watu husimulia kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia juani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka kabla hajafika. Kama ni kweli au si kweli, mapenzi yamefanya makubwa kuliko hayo.

Jambo moja sharti ulijue, maana karibu taabu zote nitakazozitaja zatoka hapo. Katika pikipiki tangi liko juu ya injini, na petroli hutelemka yenyewe kama maji ya mfereji. Katika mtumbwi tangi hukaa sakafuni, chini ya miguu ya watu, na mashine iko juu yake. Basi petroli lazima ipande. Wala haipandi kwa hiari. Huvutwa, kama mtoto avutavyo soda kwa mrija. Na tabia ya mrija waijua: ukiwa na tundu utavuta hewa, ukikunjika hupati kitu. Tena ukiziba mdomo wa chupa ya plastiki pande zote, upepo usipate pa kuingilia, utavuta mara mbili tatu, kisha chupa itabonyea na soda itakataa kuja. Uikumbuke chupa hiyo.

Njia ya petroli ni hii. Huanza chini ya tangi, penye kijibomba chenye wavu mwembamba wa kuchujia. Hutoka kupitia mpira wa mafuta. Katikati ya mpira huo kuna kipira kinene chenye umbo la yai, ambacho sisi twakiita pampu ya mkono. Ndani yake mna vilango viwili vidogo vinavyoyaruhusu mafuta kwenda mbele tu, yasirudi. Mpira ukifika kwenye mashine hushikwa na kiungio. Ndani ya mashine mna chujio jingine, halafu pampu yenye utando mwembamba wa mpira, halafu kabureta inayochanganya petroli na hewa, ndipo silinda na moto wa plagi. Na juu ya kifuniko cha tangi, mahali ambapo watu hawapatazami, iko skurubu ndogo ya kuruhusu hewa iingie kadiri mafuta yanavyotoka. Sisi twaiita pumzi.

Sasa nikusimulie habari za usiku ule. Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 1998, katika majira yale ya mvua za El Niño, ambapo hatukujua tena jua ni kitu gani. Katika kisiwa chetu kidogo, upande wa Ukerewe, mimi ndiye niliyeitwa fundi. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa bahati nyingi ambazo nilizihesabu kuwa ni akili.

Saa mbili usiku akaja mama mzee wa jirani, amejifunika gunia kichwani. Mkamwana wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, na mkunga amesema kazi imemshinda, apelekwe Nansio penye daktari. Mume wa yule mama alikuwa mbali, kambini kwa wavuvi wenzake. Yule mzee akaniuliza, “Mwanangu, mashine yako inafanya kazi?” Nikamjibu kwa majivuno, “Mama, mashine yangu haijanilaza ziwani hata siku moja.”

Tukamlaza mgonjwa juu ya mkeka, tukamfunika turubai. Mkunga akakaa kichwani pake, mama mzee miguuni. Mimi nikakaa nyuma kwenye mashine. Mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 13 niliyekuwa nikimlea, akakaa karibu na tangi kwa kazi ya kukumba maji. Mvua ilipozidi, kijana akaona maji yanatiririka juu ya kifuniko cha tangi. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba maji ni adui wa petroli, akaikaza ile pumzi mpaka mwisho. Alitii mafundisho yangu. Hakuniambia, nami sikuona.

Tulikwenda vizuri kama robo saa. Kisha mashine ikaanza kulegea. Sauti ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, halafu kimya. Aliyewahi kuzimikiwa usiku ziwani anakijua kimya kile, jinsi unavyosikia mara moja mawimbi ambayo dakika iliyopita hayakuwa na sauti. Nikavuta kamba. Ikawaka, ikaenda dakika moja labda, ikafa. Nikasubiri kidogo, nikavuta. Vile vile.

Wewe msomaji uliyeambiwa habari ya chupa ya soda, tayari wajua. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuwa fundi. Petroli ile niliinunua kwa mtu ambaye sikumzoea, nikajiambia: uchafu, umeziba kabureta. Nikafungua kifuniko cha mashine, tochi nimeiuma kwa meno, nikatoa skurubu za bakuli la kabureta moja moja na kuzitia mfukoni. Ndani ya bakuli hilo mna boya dogo linaloelea juu ya petroli na kufunga kilango bakuli likijaa, na boya hilo hushikwa na pini nyembamba, fupi kuliko kijiti cha kiberiti.

Kijana akasema, “Baba mdogo, tangi limebonyea.”

Nikamwambia, “Nyamaza. Wewe kumba maji.”

Baada ya muda akasema tena, kwa sauti ndogo, “Baba mdogo, hata pampu ya mkono imekuwa bapa.” Hapo nilimjibu neno ambalo siliandiki katika gazeti hili. Na wakati nikilisema, wimbi likatupiga ubavuni, na ile pini ikaniponyoka vidoleni. Sikuisikia hata ilipoangukia.

Nikapiga magoti kwenye maji ya chini ya mtumbwi, nikipapasa kati ya mbao, miguu ya watu na kamba. Mgonjwa alikuwa akilia, halafu akawa halii, na huko kutolia kulikuwa kubaya zaidi. Mama mzee hakuniuliza neno lo lote. Nikiwa bado nimeinama, nikasikia mlio nyuma yangu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kulia sana. Kijana alikuwa ameifungua skurubu ya tangi. Ubavu wa tangi ukarudi nje kwa kishindo kidogo. Ile pampu ya mkono ikajaa taratibu ikawa yai tena. Akanitazama, hakusema kitu. Nami nikaelewa yote kwa mara moja: mashine haikuwa na ugonjwa wo wote. Ilikuwa imezibwa pumzi tu, kazi ya vidole viwili. Sasa ndipo ilipokuwa mbovu kweli, maana nilikuwa nimeipasua tumbo gizani na kuupoteza mfupa wake.

Tukashika kafi. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakikimbia mvua waliona tochi yetu, wakaja na karabai yao, wakatufunga kamba na kutuvuta. Tulifika Nansio saa tatu baadaye kuliko ilivyopasa. Mama aliokoka. Mtoto, naye alikuwa wa kiume, hakuwa hai.

Daktari hakusema kwamba ni kwa ajili ya saa zile tatu. Mimi sikumwuliza. Mume wa mama yule aliporudi kutoka kambini alikuja kwangu na jogoo, kunishukuru kwa kumpeleka mkewe katika mvua. Nilikaa mwezi mzima na shukrani ile. Kisha nikaenda nikamweleza habari ya pumzi, na ya pini, na ya kijana niliyemnyamazisha. Alinyamaza muda mrefu akitazama ziwa. Halafu akasema, “Basi nifundishe mashine, kaka. Nifundishe vizuri.” Haya ninayokuandikia ndiyo niliyomfundisha, na mengine niliyojifunza tangu hapo.

Anza penye tangi, wala usishike spana yo yote. Mafuta yamo? Usicheke, nimevutwa mara moja na mtu ambaye tangi lake lilikuwa kavu na yeye ameshafungua plagi zote mbili. Pumzi iko wazi? Mpira haukukanyagwa? Katika mitumbwi yetu mpira wa mafuta hupita palepale wanapokaa watu na mizigo, na kreti moja ya soda yatosha kuubana. Dalili ya pumzi iliyofungwa ni ile niliyoiona bila kuitambua: mashine huwaka vizuri, huenda dakika chache, hufa kwa kulegea, ukipumzika huwaka tena kidogo, hufa tena.

Labda utauliza: kama pumzi ina hatari hivyo, kwa nini ilitengenezwa ifungike? Nakujibu: kwa ajili ya kubeba tangi lisimwagike, na kulihifadhi. Lakini hapo napo pana mtego wake. Ukiliacha tangi juani limefungwa, na mpira bado umeungwa kwenye mashine, petroli huvimba kwa joto na kujisukuma mpaka kwenye kabureta, na ukija kuwasha wakuta mashine imelewa mafuta. Basi ukifika pwani chomoa mpira, ndipo ufunge pumzi. Ukiondoka fungua pumzi, ndipo uunge mpira. Na mvua ikinyesha, funika tangi zima kwa kipande cha turubai, ukiacha nafasi ya hewa. Hilo ndilo nililopaswa kumfundisha kijana.

Kisha ishike pampu ya mkono. Kama kuna kitu kimoja katika mashine yote kinachoweza kusema, ni hicho, na mimi naona mvuvi asiyeijua lugha yake hafai kuchukua abiria. Iinue mshale wake ukitazama juu, upande wa mashine, uibinye mara kadhaa. Ikiwa ngumu kama limau bichi, mafuta yamefika mbele na njia ya nyuma yake ni nzima. Ikibonyea na kubaki bapa, kuna kizuizi kati yake na tangi: pumzi, au mpira umekunjika, au ule wavu wa chini ya tangi umejaa takataka. Ikikaa laini tu kila ubinyapo, inavuta hewa mahali fulani, au vilango vyake vimechoka, au petroli inapita mbele na kumwagika, na hapo utaisikia kwa pua. Tena ikiwa ngumu kama jiwe na mashine bado ina njaa, kizuizi kiko mbele yake. Tazama kwanza kama kile kiungio kimekaa sawasawa, maana kisipoingia mpaka mwisho kilango chake hakifunguki.

Na iko lugha yake moja iliyonirudisha nyumbani si mara moja. Mashine ikianza kulegea, mwambie mwenzako aibinye pampu ya mkono polepole, bila kuacha. Ikiamka na kuendelea kwenda maadamu anabinya, basi ujue ile pampu ya ndani ya mashine imedhoofu, mara nyingi kwa utando wake kuchanika, au hewa inaingia njiani. Kwa mkono wa mwenzako mtafika. Ni kazi ya kuchosha, mpokezane.

Hewa ndiyo mwizi mgumu kukamatwa, maana petroli ikivuja waiona, lakini hewa ikiingia huioni. Mara nyingi hupitia kwenye kiungio, penye kijipete cha mpira ambacho mafundi hukiita oringi. Jua na petroli hukifanya kigumu kikapasuka. Ni kitu cha pesa kidogo sana, na mimi hukibadili kila mwaka hata kama kinaonekana kizima; watu hunicheka kwa hilo, lakini waache wacheke. Mpira wenyewe nao waweza kukudanganya. Kwa nje mzuri, kwa ndani ngozi yake imebanduka, na kila mashine inapovuta kwa nguvu ngozi hiyo hujifunga kama mlango. Mashine ya namna hiyo huenda vizuri polepole, ukiongeza mwendo hufa. Mpira wa zamani usiuonee huruma.

Maji katika petroli ni habari nyingine. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa ya tangi, na ni hapo hapo mafuta yanapovutwa. Huingia kwa mvua, kwa madumu yaliyosuuzwa yasikaushwe, na kwa umande wa ndani ya tangi lililolala nusu tupu. Ukishuku, chota mafuta ya chini ya tangi utie katika chupa nyeupe, uiache itulie: utaona mstari, na chini yake maji. Kitambaa cha kuchujia ambacho wengi twakitumia huzuia mchanga, maji hayazuii. Afadhali uliache dumu litulie usiku kucha, umimine pole pole bila kulitikisa, na nusu lita ya mwisho usiimimine. Najua nusu lita ya petroli ni pesa. Huko kisiwani ni pesa zaidi.

Kama yote haya ni mema, ndipo uende kwenye mashine yenyewe. Tazama chujio. Vuta kamba mara chache, kisha toa plagi uitazame: ikiwa kavu kabisa mafuta hayafiki, ikiwa imelowa petroli mafuta yanafika, basi uache kuhangaika na mafuta, ukatafute moto. Na ukiwa na plagi mkononi usivute kamba huku waya wake ukining’inia karibu na petroli, maana cheche moja yatosha.

Kabureta ni ya mwisho. Katika kabureta nyingi kuna skurubu chini ya bakuli ya kumwaga petroli. Ifungue, ukinge kwa kikombe, utaona kama kuna maji au uchafu, na pengine hiyo pekee yatosha kukufikisha. Kuifungua kabureta yote ni kazi ya nchi kavu, mchana, juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa ndani ya beseni, kitu kikianguka kionekane. Tena vile vitundu vyake usivichokonoe kwa waya, utavipanua. Visafishe kwa petroli safi na upepo.

Neno moja kwa wanaopenda kulazimisha. Mashine nyingi za mitumbwi yetu hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Nyingi huagiza sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani nusu lita katika lita 25. Lakini fuata kitabu cha mashine yako, kwa kuwa ziko zinazotaka vingine, na hizi mpya za aina ya pili hazichanganyiwi kabisa. Katika zile za kuchanganya, oili haina njia nyingine ya kuingia ila pamoja na petroli. Basi mashine yenye njaa ya petroli ina njaa ya oili pia, na ukiikamua mwendo wote katika hali hiyo pistoni hukwama, na hapo si taabu ya mafuta tena, ni kununua mashine. Ikilegea, punguza mwendo, utafute sababu.

Sasa naomba akina mama wanisikilize, hata kama mliruka yote ya juu. Petroli ya mashine hulala nyumbani kwenu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama nyoka mpaka kwenye jiko au kibatari kilicho upande wa pili wa chumba. Ndani ya mtumbwi hujikusanya chini, kwenye mbao, ndiyo sababu tangi lijazwe pwani, nje ya mtumbwi, mbali na karabai na sigara. Wala msikubali petroli ikae katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi. Ikitokea ameinywa, au kijana amevuta kwa mdomo mpira wa kuhamishia mafuta ikampalia, msimtapishe, wala msimnyweshe kitu kwa nia ya kumtapisha. Yaliyoshuka tumboni yakirudi huenda mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mpelekeni kwa daktari upesi.

Yule kijana nilimwomba radhi asubuhi yake, pale pwani ya Nansio, na mvua ilikuwa ingali inanyesha. Hakujua la kujibu. Mtoto hakuzoea kuombwa radhi na baba yake mdogo. Sasa yeye mwenyewe ana mitumbwi miwili na watoto watatu, na abiria wake humwona kila safari anagusa kifuniko cha tangi kabla ya kuvuta kamba. Wengine wadhani ni ushirikina.

Mimi nimezeeka kidogo, sisafiri usiku ila kwa lazima. Chini ya kiti changu mtumbwini liko kopo la maziwa lenye mfuniko, limefungwa kamba lisielee likapotea. Mna plagi mbili, ufunguo wake, oringi tatu, kipande cha mpira wa mafuta na vibano vyake, utando wa pampu, bisibisi fupi, na tochi ya kuvaa kichwani. Na katika karatasi ya nailoni, peke yake, mna pini mpya ya boya niliyoinunua Mwanza juma lile lile. Haijatumika.